Usilaumu Mzabibu kwa Kosa la Mizani

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo



Swali linaloletwa mara nyingi katika ofisi za kilimo si juu ya mbolea wala dawa. Ni hili: "Je, ning'oe?" Mkulima ana mmea aliouacha baba yake, bei imeanguka, jirani amepanda kitu kipya, naye sasa ataka kuambiwa kama ashike jembe au asubiri. Swali hili ni zito, maana mmea wa miaka mingi ukishang'olewa haurudi kwa majuto. Mimi ni karani tu, si Bwana Shamba, na sina amri ya kumwambia mtu ang'oe au asing'oe. Lakini kabla ya kujibu swali kama hilo yafaa tuwatazame wakulima wengine waliojiuliza vivyo hivyo, tuone walitenda nini na walipata nini. Leo nataka tuwatazame wakulima wa Uhispania na zabibu yao nyeusi iitwayo Bobal.

Najua wako watakaosema, "Zabibu za divai zatuhusu nini sisi wa skimu?" Wengi wetu hatunywi divai, wengine kwa ajili ya dini, wengine kwa ajili ya bei yake. Sikusudii kumfundisha mtu kunywa. Nazungumza juu ya mmea, na juu ya mtu mwenye shamba dogo anayeuza mazao yake kwa chama cha ushirika. Mtu huyo twamjua, hata kama asema Kihispania.

Maoni yangu nayataja mapema ili msomaji asihangaike kuyatafuta. Bobal ilidharauliwa kwa miaka mingi sana. Wafanyabiashara walisema ni zabibu ya kishamba, yenye rangi nyingi na utamu mchache, haifai ila kuchanganywa na divai za watu wengine. Mimi nasema kwamba kasoro nyingi zilizotajwa hazikuwa za mzabibu. Zilikuwa za mizani, yaani za namna mkulima alivyolipwa. Na mahali ambapo mizani ilibadilishwa, zabibu ile ile, katika ardhi ile ile, ilitoa kitu kingine kabisa.

MAHALI INAPOLIMWA

Ukitoka mji wa Valencia, ulio pwani ya mashariki ya Uhispania, ukaenda bara upande wa magharibi kiasi cha kilomita 70, wafika katika uwanda wa juu wenye miji miwili, Utiel na Requena. Nchi hiyo iko kati ya meta 600 na 900 juu ya bahari. Wakati wa kiangazi jua huwaka sana, na wakati wa baridi maji huganda usiku. Mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 400 hadi 500 tu. Watu wa huko wamejua zabibu tangu zamani za kale: karibu na Requena, mahali paitwapo Las Pilillas, yamevumbuliwa mabirika ya kukamulia zabibu yaliyochongwa katika mwamba, ambayo umri wake wapita miaka 2500.

Jina la Bobal nalo si la jana. Tabibu mmoja wa Valencia, Jaume Roig, aliitaja katika kitabu chake cha mashairi kiitwacho Espill, katika karne ya 15. Inasemekana jina lenyewe latokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe, kwa kuwa kishada chake kikubwa hufanana na kichwa cha fahali.

Leo zaidi ya theluthi mbili ya mizabibu ya Utiel-Requena ni Bobal, na nyingine nyingi iko katika wilaya jirani ya Manchuela. Ni miongoni mwa zabibu nyeusi zinazolimwa sana katika Uhispania nzima, lakini watu wengi wanaokunywa divai ya Kihispania hawajapata kulisikia jina lake. Hilo peke yake ni jambo la kushangaza. Je, mmea unaojaza makumi ya maelfu ya hekta wawezaje kukosa jina? Jibu ni kwamba kwa muda mrefu divai yake ilisafirishwa katika mapipa makubwa, ikaingizwa katika divai za wengine, ikauzwa kwa majina ya wengine.

TABIA YA MMEA

Kwanza tuutazame mzabibu wenyewe, kama Bwana Shamba atazamavyo.

Bobal huchelewa kuchipua. Katika nchi ya jalidi hii ni akili kubwa. Mizabibu mingine hudanganywa na siku chache za joto mwanzoni mwa masika, ikatoa macho mapema, kisha jalidi ikashuka usiku mmoja na kuyachoma yote. Bobal hulala mpaka hatari kubwa imepita. Mkulima wa Kinangop aliyewahi kuamka asubuhi na kukuta viazi vyake vimekuwa vyeusi aijua thamani ya mmea usiokuwa na haraka.

Pili, huvumilia ukame. Mizabibu mikongwe ya huko haina nguzo wala waya, wala mingi haina maji ya mfereji. Kila mmoja husimama peke yake kama kichaka kifupi, umepogolewa mfano wa kikombe, matawi yakienea pande zote na kutia zabibu kivuli. Kwa desturi ya zamani waliipanda mbali mbali, meta mbili na nusu kila upande, ili kila mzizi upate sehemu yake ya unyevu.

Tatu, huzaa sana. Vishada vyake ni vikubwa, vimebanana, na punje zake ni za mviringo, zenye maji mengi na ganda nene jeusi. Katika ganda hilo ndimo iliyomo rangi, na ndimo ulimo ukakasi, ule ukali unaokausha kinywa kama chai iliyochemshwa mno. Wataalamu huuita tanini.

Nne, na hapa ndipo penye taabu, haiivi kwa pamoja. Katika kishada kimoja waweza kukuta punje zilizoiva kabisa na jirani zake zikiwa bado ngumu. Huvunwa mwishoni mwa Septemba na katika Oktoba, na mvunaji mwenye haraka hukata zote pamoja, mbivu na mbichi. Zile mbichi hutia divai ukali mbaya, nao wanywaji husema, "Bobal ni kali."

Tano, hutunza uchachu wake. Nchi ya jua kali huzifanya zabibu nyingi kuwa tamu na kupoteza uchachu, na divai isiyo na uchachu huwa kama chakula kisicho na chumvi. Bobal hubaki na uchachu hata baada ya kiangazi kirefu.

Basi ukizitazama tabia hizi tano, waona kwamba nne ni neema kwa nchi ile, na moja ni taabu inayotaka mikono na subira. Vipi basi mmea wa namna hiyo uliitwa mbaya?

JINSI ILIVYOPEWA JINA BAYA

Tuanze na karne ya 19. Tangu miaka ya 1860 mdudu mdogo sana aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, aliishambulia mizizi ya mizabibu ya Ufaransa na kuua mashamba chungu nzima. Wafanyabiashara wa Kifaransa wakakosa divai, wakavuka mpaka kuitafuta Uhispania. Walitaka divai nyingi, yenye rangi nzito, ya kuongezea nguvu zile zao dhaifu. Katika miaka ya 1880 reli kutoka Valencia ilifika katika uwanda wa Requena na Utiel, na safari ya pipa mpaka bandarini ikawa nyepesi. Watu walifyeka msitu, wakaacha mazao mengine, wakapanda Bobal kila mahali. Filoksera yenyewe ilifika huko kwa kuchelewa, karibu na mwaka 1912, na mashamba yakapandwa upya polepole kwa kuunga Bobal juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mizizi yake humshinda mdudu huyo.

Wenyeji walibuni hata njia maalum ya kupata divai nyeusi sana. Zabibu zikishasagwa, juisi yake hutolewa mapema ikiwa bado nyepesi, ikafanywa divai ya rangi ya waridi. Maganda yanayobaki hayatupwi. Huongezwa zabibu nyingine mpya zilizosagwa, hata katika pipa moja yakawamo maganda ya mara mbili kwa juisi ya mara moja. Divai itokayo hapo ni nyeusi kama wino. Waihispania huiita "doble pasta". Haikutengenezwa ili inywewe peke yake, bali ili itie rangi divai nyingine. Kwa hiyo Bobal ilitumwa kazi ya rangi, ikaifanya vema, kisha ikalaumiwa kwamba haina kitu ila rangi.

Katika karne ya 20 wakulima wakaanzisha vyama vya ushirika, karibu kila kijiji na chake. Sina neno baya juu ya vyama hivyo. Viliwaokoa wenye mashamba madogo wasinyonywe na walanguzi, viliwajengea majumba ya kukamulia ambayo mtu mmoja asingeweza kuyajenga. Mwaka 1965 vyama kadhaa viliungana huko Requena wakafanya chama kikubwa kimoja, Coviñas, ili wauze pamoja, nacho kingali kikifanya kazi. Lakini vyama vilirithi mizani ya walanguzi, na habari ya mizani hiyo yataka kuelezwa vizuri.

HESABU YA MIZANI

Desturi ilikuwa hivi. Mkulima huleta zabibu zake, hupimwa uzito kwa kilo, kisha hupimwa sukari kwa digrii. Kilo huzidishwa kwa digrii, na malipo hufuata jumla hiyo. Kwa juu juu ni mizani ya haki kabisa: kila mtu alipwa kwa alicholeta. Sasa tufanye hesabu kama tulivyokuwa tukifanya darasani, kwa mfano wa kufundishia tu.

Mizabibu iliyopandwa meta mbili na nusu kila upande huwa 1600 katika hekta moja, yaani kama 650 katika eka. Tuseme Mkulima wa kwanza auacha kila mzabibu uzae kilo 5. Apata kilo 8000, na sukari yake ni digrii 11. Jumla yake ni 88,000. Mkulima wa pili apogoa kwa ukali, apunguza vishada vikiwa vichanga, apata kilo 2 tu kwa kila mzabibu, lakini zimeiva sawasawa. Ana kilo 3200 za digrii 13. Jumla yake ni 41,600. Huyu wa pili amefanya kazi zaidi, ameleta zabibu bora kwa mbali, naye apata chini ya nusu ya malipo ya mwenzake. Zaidi ya hayo, zabibu zake zamiminwa katika birika moja na zile za mwenzake, ubora wake ukapotelea humo.

Je, mtu mwenye watoto wa kulisha atafuata njia ipi? Hata mwanafunzi wa darasa la nne atajibu. Mizani ile haikuuliza kama ganda limeiva, haikuuliza kama mbegu ni za kijani au za kahawia, haikuuliza umri wa mzabibu. Iliuliza wingi na sukari tu. Bobal yaweza kutoa wingi, basi wakulima wakaiamuru itoe wingi, nayo ikatii. Divai ikawa nyepesi na kali kwa pamoja. Kisha wakubwa wa biashara wakaionja wakasema mmea haufai.

Kwa maoni yangu hapo ndipo palipotokea dhuluma, ingawa hapana mtu mmoja aliyekusudia kudhulumu. Walioweka mizani walisahau kwamba mizani nayo hulima. Kile mnachokilipa ndicho mtakacholetewa.

MIAKA YA KUNG'OA

Baada ya Uhispania kuingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, watu walizidi kutafuta divai ya chupa yenye jina, na soko la divai ya pipa likawa gumu. Wataalamu wengi waliwashauri wakulima wapande aina zilizoitwa "za kuboresha", hasa Tempranillo, zabibu mashuhuri ya kaskazini, na zile za Kifaransa. Tangu mwaka 2000 palikuwa na fedha za Ulaya za kusaidia kubadilisha mashamba. Kisha mwaka 2008 ikatolewa sheria nyingine ya miaka mitatu, iliyowalipa wakulima ili wang'oe mizabibu kabisa, kwa kuwa Ulaya ilikuwa na divai kupita kiasi. Lengo lilikuwa hekta 175,000, na Uhispania ndiyo iliyong'oa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Bobal nyingi ya zamani iliondoka katika miaka hiyo.

Sitaki kuwacheka waliong'oa. Ndugu zangu, fikirini: mzee wa miaka 70, watoto wake wamekwenda kufanya kazi mjini, zabibu zake zalipwa senti chache kwa kilo, na serikali yamtolea fedha taslimu apumzike. Nani atamlaumu? Tena si kila shamba la Bobal lilikuwa hazina. Mengine yalipandwa mabondeni penye ardhi nzito, yakanyweshwa maji, yakazaa kwa wingi usio na ladha, na kuyang'oa hakukuwa hasara.

Hasara ilikuwa kwa yale ya vilimani, ya ardhi duni ya mchanga na chokaa, yenye mizabibu ya miaka 60, 70 na zaidi. Mzabibu mkongwe huzaa kidogo wenyewe bila kulazimishwa, na mizizi yake imekwenda chini kabisa. Ukiung'oa leo ukapanda mche, mjukuu wako ndiye atakayepata mzabibu wa umri ule. Na ile Tempranillo iliyoletwa kuboresha, kwao ni kwema, lakini ni zabibu iivayo mapema na yenye uchachu mdogo, nayo katika jua la Valencia huiva katikati ya joto na kuupoteza hata huo uchachu mdogo. Wengi walibadilisha mmea unaoijua nchi kwa mmea wenye jina kubwa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

WALIOBAKI NAYO

Wako waliokataa. Karibu na Utiel kuna shamba liitwalo Finca Terrerazo, mali ya jamaa ya Sarrión, lililo kiasi cha meta 800 juu ya bahari. Toni Sarrión wa jamaa hiyo aliamua kutengeneza divai yake mwenyewe kutokana na Bobal ya zamani badala ya kuuza zabibu. Jumba lao la divai huitwa Mustiguillo. Mwaka 2010 shamba la El Terrerazo lilipewa cheo cha juu kabisa katika sheria ya divai ya Uhispania, kile cha shamba lenye jina lake peke yake, nalo likawa la kwanza kupewa cheo hicho katika jimbo lote la Valencia. Na zabibu iliyoleta heshima hiyo ni ile ile iliyoitwa ya kishamba.

Upande wa pili, katika wilaya ya Manchuela, kijana mmoja wa Iniesta aitwaye Juan Antonio Ponce alianza mwaka 2005 kutengeneza divai ya Bobal, akitenganisha kipande kimoja cha shamba na kingine ili kila ardhi ionekane kwa tabia yake. Divai zake zilipendwa mbali na kwao. Majumba mengine yakafuata, na vyama vya ushirika pia vikaanza kutenga zabibu za mizabibu mikongwe. Siku hizi baraza la divai la Utiel-Requena lina alama maalum kwa divai ya Bobal peke yake, itokayo kwa mizabibu ya zamani yenye mavuno madogo.

Watu hawa walibadilisha nini? Si mmea. Walibadilisha mambo manne. Walichagua mashamba ya zamani yasiyonyweshwa. Walipunguza mavuno kwa kupogoa na kwa kuondoa vishada vilivyozidi. Walivuna kwa mikono, wakachambua, wakaziacha mbichi. Na ndani ya jumba waliyatendea maganda kwa upole, wasiyakamue kwa nguvu mpaka yatoe ukali wote, kama vile mpishi mzuri wa chai aondoavyo majani kwa wakati wake.

Divai inayotoka hapo, wasema waijuao, ina rangi nzito kama zamani, lakini chini ya rangi muna harufu ya matunda mekundu na meusi ya porini, na ya majani yanukiayo ya vilima vya huko. Ina ukakasi, lakini ukakasi uliokomaa. Ina uchachu unaoiburudisha, na aghalabu haina kileo kingi kama divai nyingine za nchi za jua. Na sasa ambapo majira ya joto katika Uhispania yazidi kuwa makali, zabibu inayotunza uchachu na kuvumilia ukame imekuwa jambo la kutafutwa. Tabia iliyodharauliwa jana yatafutwa leo.

TUSIJIDANGANYE

Hata hivyo sipendi kuandika hadithi tamu isiyo na ukweli. Bobal nyingi ingali yauzwa kwa pipa, na wakulima wengi wangali walipwa makumi machache ya senti za euro kwa kilo. Sifa za majumba machache hazijafika katika kila mfuko. Vijana wa vijiji vile wangali waondoka. Tena tarehe 29 Oktoba 2024 mvua kubwa isiyo ya kawaida ilishuka katika jimbo la Valencia, mto Magro ukafurika ukaingia mji wa Utiel, watu wakafa, na mashamba ya mizabibu na majumba ya divai yakaharibiwa. Mmea mzuri haumkingi mkulima na kila jambo.

Lakini ukweli huo hauvunji maoni yangu, bali wayatia nguvu. Kama bei ya kilo ni ile ile kwa zabibu bora na zabibu duni, basi ubora utabaki kuwa wa matajiri wachache wenye majumba yao wenyewe. Rudini katika hesabu yetu. Mkulima wa pili, ili alingane tu na mwenzake, hana budi alipwe zaidi ya mara mbili kwa kila kilo. Chama kisichoweza kumlipa hivyo kisimwambie alete zabibu bora. Na chama kinachotaka sifa bila kutenganisha mabirika na bei kitangoja sana.

NENO KWA WAKULIMA WA SKIMU

Sisi hatulimi Bobal, wala sisemi tuilime. Lakini swali la "Je, ning'oe?" ni letu. Basi kabla ya kushika jembe, mkulima na ajiulize maswali haya.

Kwanza: kasoro ya mmea huu ni ya mmea, au ni ya namna ninavyolipwa? Wakulima wa kahawa walijua jambo hili zamani. Kahawa inapofika kiwandani humwagwa chini ikachambuliwa, mbivu nyekundu mbali na mbichi, kabla ya kupimwa, na kila aina hupewa daraja lake. Kazi hiyo huchosha, na wako wanaoinung'unikia. Lakini bila hiyo, mwenye kuchuma vizuri na mwenye kukwanyua ovyo wangelipwa sawa, na mwisho wote wangekwanyua. Je, katika maziwa yetu, katika viazi vyetu, tumeweka mizani ya namna hiyo, au twauza kwa debe na gunia lililofura tu?

Pili: mmea huu wa zamani wajua nini juu ya ardhi yangu, ambacho ule mpya haujui? Waijua jalidi? Waujua ukame wa mwaka mbaya? Mmea mpya huja na sifa za mwaka mwema. Muulizeni Bwana Shamba habari za mwaka mbaya pia.

Tatu: je, naweza kujaribu sehemu moja kwanza? Mwenye eka tano akipanda kitu kipya katika nusu eka, amejifunza. Aking'oa zote tano kwa siku moja, amecheza kamari.

Nne, na hili ni la mkutano wa chama, si la mtu mmoja: je, twaweza kuipima mali bora peke yake na kuilipa peke yake? Mkulima mmoja hawezi kubadilisha mizani. Wanachama wote pamoja wanaweza, wakiuliza katika mkutano mkuu na wakikubali gharama yake, maana kuchambua kwataka mikono, na mikono yataka ujira.

Ikiwa majibu yote yaonyesha kwamba mmea kweli haufai, ng'oeni kwa moyo mweupe, wala msitazame nyuma. Serikali haina heri katika kumfunga mtu kwa mmea usiomlisha. Lakini mkione kosa liko katika mizani, tengenezeni mizani kwanza, maana mkipanda mmea mwingine chini ya mizani ile ile, baada ya miaka michache mtakuja tena ofisini na swali lile lile, nao mmea mpya utakuwa umepewa jina baya kama wa zamani.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine, hasa aliyewahi kung'oa na kujuta, au kung'oa na kufurahi, na aandike kwa mhariri, ili sote tufaidike.